Kurudi kwenye ratiba baada ya likizo: somo la Januari kwa nyumba za Waa

Likizo ya Desemba imekwisha na shule zimefunguliwa. Kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kuanzia Ng'ombeni kupitia Waa hadi Kombani, matatu zinajaa kabla hakujapambazuka vizuri. Watoto wa chekechea wanalia mlangoni, wakubwa wao wamenyamaza kwa usingizi, na katika nyumba nyingi kuna mtu anatafuta soksi ya pili. Mwaka huu wa 2026 kuna jambo jipya pia: wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanaingia Gredi ya 10, yaani Sekondari Pevu, na wazazi wao hawana jirani aliyetangulia wa kumuuliza mambo yakoje.

Katika toleo hili tumechagua kusoma pamoja jambo linaloonekana dogo: namna familia inavyorudi kwenye shughuli zake baada ya mapumziko. Tunalichagua kwa sababu mbili. Kwanza, majuma ya mwanzo ya muhula ndiyo majuma ambayo watoto husinzia darasani na wazazi hugombana bila sababu ya maana. Pili, na hii ndiyo nzito, ndiyo majuma ambayo baadhi ya watoto hawarudi shuleni kabisa.

Nani hasa alipumzika?

Maandishi mengi kuhusu kurudi kazini baada ya likizo yameandikwa kwa familia iliyopumzika pamoja, ikafunga mabegi pamoja na kurudi nyumbani pamoja. Pwani ya kusini haiko hivyo. Desemba ni msimu mkubwa wa Diani. Mhudumu wa hoteli, mpishi, bawabu, dereva wa tuktuk na mama anayeuza madafu na maembe ufuoni, wote hao hufanya kazi zaidi Desemba kuliko mwezi wowote. Wavuvi nao wako kwenye kaskazi, msimu ambao bahari imetulia na ngalawa zinaweza kwenda mbali kuliko wakati wa kusi. Na mwenye mikorosho au miembe hawezi kuiambia miti yake ingoje hadi shule zifunguliwe.

Kwa hiyo nyumba moja ya Waa huwa na saa mbili tofauti mwezi wa Desemba. Mtoto anaamka saa tatu asubuhi, anacheza mpira, anakwenda harusini na kurudi usiku wa manane. Mama anaamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri kwa sababu wageni wamejaa na biashara ni nzuri. Baba anatoka zamu ya usiku hotelini wakati mtoto bado amelala. Januari inapoingia, mtoto ndiye anayetakiwa kuongeza mwendo, na mzazi ndiye aliyekwisha kuchoka. Tukiielewa tofauti hii tutaacha kuwaambia watoto kuwa ni wavivu, na tutaacha kuwaambia wazazi kwamba wametoka likizoni.

Kwanini mwili hukataa

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kiini kidogo kinachoendesha saa ya mwili. Saa hiyo ndiyo inayopanga lini tusinzie, lini tuamke, lini joto la mwili lishuke, lini njaa ituume. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Walianzia kwa nzi wadogo wa matunda, wale wale wanaozunguka maembe yetu yaliyoiva.

Saa hii hurekebishwa na mwanga. Mwanga wa asubuhi huivuta mbele: usiku unaofuata usingizi huja mapema. Mwanga wa usiku, wa taa kali, televisheni au simu, huirudisha nyuma: mwili huchelewa kutoa melatonini, ile homoni inayoutangazia kwamba usiku umeingia, na usingizi nao huchelewa. Basi mtoto aliyekesha likizo nzima hajajifunza tabia mbaya tu. Saa yake imehama. Ukimlaza saa mbili usiku siku moja kabla ya shule kufunguliwa, atalala kitandani akitazama chandarua, kwa sababu mwili wake unaamini bado ni jioni.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto wa likizo analala saa sita usiku na kuamka saa tatu asubuhi. Hizo ni saa 9, usingizi wa kutosha kabisa kwa mtoto wa umri wa shule ya msingi. Tatizo ni mahali usingizi huo ulipokaa. Ukimwamsha saa kumi na moja alfajiri bila kubadilisha kitu kingine, anabaki na saa 5. Siku tano za namna hiyo, Jumatatu hadi Ijumaa, zinampotezea saa 20 za usingizi, na Jumamosi anataka kulala hadi adhuhuri. Akilala hivyo, saa yake inarudi nyuma tena na Jumatatu mnaanza upya. Mtafiti Till Roenneberg wa Munich na wenzake waliifananisha hali hii na uchovu wa msafiri wa ndege aliyevuka nchi nyingi, ingawa mwenyewe hajatoka kijijini kwake.

Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa usingizi ni hivi: mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana; wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12; kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Kwa vijana kuna jambo la kuongeza. Wakati wa kubalehe saa ya mwili huchelewa yenyewe. Kijana wa Gredi ya 9 anayesema hana usingizi saa tatu usiku mara nyingi anasema kweli. Hilo halimpi ruhusa ya kukaa na simu, lakini linampa haki ya kusikilizwa kabla ya kukemewa.

Anza na asubuhi

Wazazi wengi huanza kurekebisha usiku: "Haya, kalaleni!" Ni rahisi zaidi kuanza na asubuhi, kwa sababu hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kusinzia, lakini kumwamsha inawezekana. Mwamshe mtoto nusu saa mapema kuliko jana, kila siku, na mtoe nje kwenye mwanga. Akifagia uwanja, akichota maji, akiwafungulia kuku, macho yake yanapokea mwanga wa jua na saa yake inasogea. Mwezi huu wa Januari jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, na tuko karibu sana na ikweta hivi kwamba halibadiliki sana mwaka mzima. Huo ni utajiri ambao watu wa Ulaya hawana. Wao watoto wao huenda shuleni gizani Januari nzima.

Kwa mwendo huo wa nusu saa, aliyekuwa akiamka saa tatu anafika saa kumi na mbili baada ya siku 6. Kama shule imeshafunguliwa na hamkujiandaa, bado hujachelewa. Itakubidi umwamshe kwa saa ya shule mara moja, umvumilie siku chache za kununa, na usimwache alale Jumamosi na Jumapili zaidi ya saa moja kupita kawaida. Usingizi mfupi wa mchana, dakika 20 au 30 baada ya chakula, unasaidia. Wa kuanzia alasiri hadi magharibi unaharibu kazi yote.

Nyumba za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, tayari zina kengele. Adhana ya alfajiri mwezi huu iko karibu saa kumi na moja, na ya isha karibu saa mbili kasorobo usiku. Familia inayotumia adhana hizo mbili kama mipaka ya siku haihitaji kununua saa ya ukutani. Baada ya isha, chakula kiwe kimeliwa, sare iwe imetundikwa, simu iwekwe kwenye chaji chumbani kwa mzazi, na mzazi naye aiweke ya kwake. Hapo ndipo wengi tunashindwa. Huwezi kumwambia mtoto azime simu ilhali uso wako unang'aa kwa ya kwako.

Joto nalo ni kizuizi cha kweli. Januari hadi Machi mchana hupita nyuzi 30 na nyumba za mabati hubaki na joto hadi usiku. Kuoga kabla ya kulala husaidia, kwa sababu maji yakikauka mwilini mwili hupoa, na mwili unaopoa husinzia. Fungua madirisha, lakini chandarua kisiachwe. Mtoto aliyelala bila neti likizoni kwa jamaa zake, sasa ana homa na uchovu, asichukuliwe kuwa anakwepa shule. Mpeleke zahanati apimwe malaria kabla hujampa dawa yoyote ya dukani.

Mtoto wa shule ya kutwa anatakiwa kufika saa ngapi?

Hili huulizwa sana na jibu lake limeandikwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema saa za masomo kwa shule za kutwa, za serikali na za binafsi, ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyingine. Wanafunzi wa kutwa hawapaswi kulazimishwa kuripoti kabla ya saa moja na robo asubuhi. Kwa shule za bweni, wakati wa kulala ni saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 8 na nusu, ambazo zinalingana na mahitaji ya kijana tuliyoyataja juu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo.

Tunayataja haya si kwa kuwachochea wazazi dhidi ya walimu. Mwalimu wa Waa naye ana watoto nyumbani, na wengi wao wanavuka feri asubuhi. Lakini mzazi anayemwamsha mtoto wa miaka 8 saa kumi usiku ili awahi masomo ya asubuhi mno anapaswa kujua kwamba ana haki ya kuuliza. Aanze kwa mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Matuga.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja ambao ofisi zetu hukutana nao kila Januari. Chini ya Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Basari za kaunti zinawafikia wanafunzi wa sekondari na vyuo, na ndiyo maana wakazi wa Kwale wanaujua mpango wa Elimu ni Sasa, lakini mwalimu wa sekondari akikosekana darasani, ofisi ya kaunti haina uwezo wa kumleta. Kujua mlango wa kubisha kunaokoa nauli.

Asubuhi iliyoandaliwa usiku

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto watatu: mmoja chekechea, mmoja Gredi ya 5, mmoja Gredi ya 9. Mama anauza mahamri na mbaazi kando ya barabara, baba yuko zamu Diani, bibi yuko nyumbani. Asubuhi ya nyumba hiyo haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja, na mara nyingi ndivyo inavyojaribiwa. Mama anakanda, anawasha jiko, anaita, anatafuta daftari, anafunga kamba za viatu, anakimbilia mteja.

Kazi nyingi kati ya hizo zinaweza kuhamishwa usiku. Begi lifungwe kabla ya isha. Maji ya kuoga yachotwe jioni. Kijana wa Gredi ya 9, awe mvulana au msichana, amshughulikie wa Gredi ya 5. Bado tuna nyumba ambazo mvulana wa miaka 14 anaandaliwa chai na dada yake wa miaka 11, na ni msichana huyo anayefika darasani amechoka. Bibi naye apewe kazi anayoiweza na anayoipenda: huyu mdogo wa chekechea, kwa mfano, huwa hamlilii bibi kama anavyomlilia mama.

Kuhusu chakula hatutasema mengi. Viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, uji, au mahamri na mbaazi ni chamsha kinywa kinachompeleka mtoto hadi saa nne. Chai ya rangi peke yake haimpeleki. Aliyezoea wakati wa likizo kula mara ya kwanza saa nne asubuhi atakataa chakula siku za mwanzo, kwa sababu njaa nayo ina saa yake. Mpe kidogo, mfungie kingine.

Mtoto anayeanza chekechea mwaka huu aende na cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Tazama kadi hiyo kwa makini: matone ya vitamini A hutolewa kila miezi 6 hadi mtoto atimize miaka 5, na dawa ya minyoo vilevile kuanzia umri wa mwaka 1. Wengi huacha kwenda kliniki mara tu chanjo ya surua inapokwisha. Mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chenu anaweza kukuonyesha kilichokosekana, na ni bure.

Na usafiri. Bodaboda kisheria hubeba abiria mmoja. Tunawaona asubuhi watoto watatu nyuma na mmoja mbele juu ya tangi la mafuta, kwenye barabara kuu inayopitisha malori ya kwenda Tanzania. Kama ni lazima watumie chombo, majirani watatu wakichangiana tuktuk gharama haipishani sana.

Shilingi ya Desemba

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Msimu wa Diani hauwaajiri watu wazima peke yao. Mvulana wa miaka 15 anaweza kupata pesa ufuoni Desemba kwa kubeba mizigo, kuuza bangili, kuwaongoza wageni kwenye mwamba maji yanapokupwa, au kuosha magari. Mwingine anakodi pikipiki ya binamu yake jioni. Kwa majuma manne au matano ameshika pesa yake mwenyewe mkononi, amenunua viatu, huenda amemsaidia mama kununua unga. Kisha Januari anaambiwa avae kaptura akaketi darasani na kuomba shilingi 20 ya andazi.

Kwa mvulana huyo kurudi kwenye ratiba ni kushuka cheo. Mzazi asipoona hivyo, atadhani ni ukaidi, na fimbo itamaliza kazi ambayo ufuo uliianza. Wale waliofanikiwa kuwarudisha vijana wao wanasimulia mambo yanayofanana: walikaa naye chini kabla ya shule kufunguliwa, wakazungumza pesa kwa uwazi, wakamwambia mchango wake ulionekana. Baadhi walikubaliana kwamba sehemu ya alichopata inunue sare au vitabu vyake mwenyewe, ili shule iwe kitu alichokilipia. Wengine walimwonyesha kwa hesabu kwamba msimu una mwisho. Aprili na Mei mvua ikinyesha na hoteli zikiwa tupu, shilingi ile haipo, na yeye atakuwa amepoteza muhula. Kijana ambaye kweli moyo wake uko kwenye ufundi, mpishi au fundi wa umeme, anapaswa kujua kwamba vyuo vya ufundi vya kaunti vipo na vinampa cheti ambacho hoteli itakiuliza siku moja. Hilo ni bora kuliko kumwacha aelee.

Kwa wasichana hatari ni nyingine, na tuiseme bila kuzunguka. Likizo ndefu, usimamizi mdogo kwa sababu wazazi wako kazini, harusi za usiku, na pesa za msimu zinazopita mikononi mwa watu wazima wasiomcha Mungu. Januari shule zinapohesabu wanafunzi, wapo wasichana wasiorudi, na nyumba nyingine huamua kimyakimya kumwoza. Mtoto chini ya miaka 18 haolewi kisheria Kenya. Mwanafunzi mjamzito ana haki ya kuendelea na masomo, na baada ya kujifungua ana haki ya kurudi. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 wa kuwarudisha wanafunzi shuleni unasema hivyo, na mwalimu mkuu hapaswi kumfukuza. Mtu akijua mtoto aliyetendewa uovu au anayefichwa nyumbani, namba 116 hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Chifu na naibu wa chifu nao wana wajibu wa kufuatilia mtoto asiyeonekana shuleni.

Shangazi, mjomba, jirani: swali la "mbona sijamwona Mwanaisha juma hili?" si umbea. Liulizwe juma la kwanza, maana kufikia juma la nne mtoto amekwisha zoea kutokuwa shuleni, na hata yeye mwenyewe anaona aibu kurudi.

Mzazi naye apumzike lini?

Tulisema mzazi wa pwani ya kusini huingia Januari akiwa amechoka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo kamili, kila baada ya miezi 12. Mfanyakazi wa hoteli aliyefanya kazi Desemba yote anaweza kukubaliana na mwajiri wake kuchukua sehemu ya siku hizo msimu unapopungua. Zisidaiwe kwa ugomvi, lakini zisisahauliwe.

Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Jessica de Bloom walifuatilia wafanyakazi kabla na baada ya likizo. Walikuta kwamba afya na furaha hupanda kweli mtu akiwa likizoni, lakini baada ya kurudi kazini faida hiyo hupungua haraka, nyingi yake ndani ya juma la kwanza. Hata likizo ndefu haikudumu zaidi. Kwa lugha ya kwetu: mapumziko hayawekwi ghalani. Likizo moja kubwa ya mwaka haiwezi kumbeba mtu miezi 11.

Wazee wetu walilijua hili kwa njia yao. Wamijikenda walikuwa na juma la siku 4, na moja kati yake, Jumwa, ilikuwa siku ya kutolima. Pumziko lilikuwa ndani ya juma, karibu karibu, halikusubiri mwisho wa mwaka. Wengi wetu leo tuna Ijumaa au Jumapili, lakini tumeijaza: kufua, shamba, mazishi, vikao vya harusi, chama. Si rahisi kuitoa shughuli yoyote kati ya hizo. Inawezekana, hata hivyo, kulinda saa mbili za Jumapili jioni ambazo hakuna anayetumwa dukani na hakuna anayeulizwa kuhusu homuweki. Nyumba nyingine huzitumia kwenda kutazama bahari. Kutoka Waa si mbali na ni bure.

Mtu aliyefanya kazi zamu ya usiku anastahili kulala mchana bila kusumbuliwa. Watoto waelezwe hivyo, na kuelezwa kunatosha. Watoto wa manesi na mabawabu wa hapa wanajua kutembea kwa vidole mbele ya mlango wa chumba.

Itachukua muda gani?

Watu hutaka kuambiwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja jipya kila siku. Kwa wastani jambo hilo lilichukua siku 66 kuwa la kawaida, wapo waliochukua siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo siku ambayo kila mtu amechelewa kuamka, chai imemwagika kwenye sare na matatu imepita, ni siku moja tu. Kesho yake endeleeni.

Sasa hesabu siku 66 kutoka mwanzo wa Januari: unafika katikati ya Machi. Lakini Ramadhani mwaka huu inatarajiwa kuanza karibu tarehe 18 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi, na Idi itaingia kabla shule hazijafungwa mwezi Aprili. Yaani ratiba mnayoihangaikia sasa itabadilishwa kabla haijakomaa. Nyumba zinazofunga zipange mapema. Watoto wanaokula daku walale mara baada ya tarawehe, au kabla yake kwa wadogo, na wakiweza warudi kulala kidogo baada ya swala ya alfajiri. Usingizi mfupi wa mchana ambao tulisema usizidi nusu saa unaweza kuongezwa mwezi huo hadi saa moja. Walimu waambiwe mapema ni mtoto gani anafunga, hasa wale wa gredi za chini wanaojaribu kwa mara ya kwanza, ili asikimbizwe uwanjani saa sita mchana.

Fomu za basari na maelezo kuhusu chekechea na vyuo vya ufundi yanapatikana katika ofisi ya wadi ya Waa-Ng'ombeni na ofisi za wadi nyingine zote za kaunti, siku za kazi. Njoo na nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, barua ya shule inayoonyesha karo, na kwa mtoto wa chekechea, cheti cha kuzaliwa. Ambaye mtoto wake bado hana cheti asimzuie nyumbani kwa sababu hiyo. Ampeleke shuleni huku akiendelea kukitafuta.